Soma unga: namna ya kutoboa ukuta, tailizi, mbao, chuma, tangi na tufe la bolingi

Televisheni ya inchi 55 ilikuwa imelala kifudifudi sakafuni, kioo kimepasuka kona hadi kona. Ukutani yalibaki matundu manne mapana. Niliingiza kidole kidogo kwenye tundu mojawapo kikazama hadi kiungo cha kwanza, na kilipotoka kilikuwa cheupe kwa unga. Fisha zilizong'oka, yaani vile vipande vya plastiki vinavyoshika skrubu ndani ya tundu, zilikuwa za namba 8. Aliyetoboa alitumia biti (kile chuma cha kutobolea kinachofungwa kwenye drili) ya milimita 10 kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo mkononi, akaiyumbisha drili ikapanua tundu zaidi, halafu akaacha unga wote ndani. Fisha zilikuwa zimekaa kwenye unga, hazikuugusa ukuta.

Mama mwenye nyumba akaniuliza, "Fundi, ina maana ukuta wangu ni mbovu?"

"Mama, ukuta wako mzima kabisa. Waliutoboa vibaya."

Kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu namwanzishia hapo: soma unga. Kinachotoka kwenye tundu ndicho kinachokuambia biti imefika wapi, inakata au inasugua tu, na kama uendelee au usimame. Rangi yake, umbo lake, joto lake, hata harufu yake. Mwenye kuusoma unga hufanya kazi nzuri kwa drili ya bei ya chini, na asiyeusoma huharibu tailizi za watu hata akiwa na mashine ya gharama.

Kabla hujabonyeza kitufe

Jiulize nyuma ya hapo kuna nini. Waya za umeme zilizofukiwa ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, au huenda mlalo kutoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo ukanda ulio juu, chini na ubavuni mwa kila soketi na swichi usiutoboe. Bomba za maji nazo hivyo hivyo: tazama koki ilipo, kisha fikiria bomba lake linatokea wapi. Ukiwa na shaka zima swichi kuu, utumie drili ya betri.

Hili nililipia. Nilikuwa bafuni kwa mteja, natoboa sentimita kama 20 juu ya koki ya kuogea ili nifunge kishikio cha sabuni. Unga ulitoka mkavu, wa kijivu, kama kawaida. Kisha ukabadilika ukawa tope. Nililiona lile tope kwa macho yangu, na bado nikaendelea kusukuma kwa sekunde mbili zaidi, maji yakanipiga usoni. Siku nzima iliishia kupasua tailizi, kuunga bomba na kupiga lipu upya, kwa gharama yangu. Unga ukilowa ghafla, ondoa kidole kwenye kitufe papo hapo.

Vaa miwani ya fundi, maana chembe ya zege ikiingia jichoni inakwaruza. Vaa na barakoa unapotoboa zege au tailizi, kwa sababu vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu ya mtu anayelivuta mwaka hadi mwaka. Mikono mirefu ya shati ikunje, ncha ya kanga ichomeke, nywele ndefu zifunge. Glavu za kitambaa usivae mbele ya biti inayozunguka. Uzi mmoja ukinaswa, mkono mzima unafuata.

Ijue biti yako

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni biti moja kutumika kwa kila kitu. Zitazame kwa karibu, zinatofautiana wazi.

Biti ya ukuta ina kipande cha kabaidi, metali ngumu sana, kilichochomelewa kwenye ncha, kipana kidogo kuliko shina lake. Ukiigusa ni butu, maana kazi yake ni kuponda. Biti ya mbao ina mwiba katikati na masikio mawili makali pembeni. Mwiba unashika mahali, masikio yanakata nyuzi. Biti ya chuma ina ncha ya pembe tu, kwa kawaida digrii 118 au 135, na ile ya 135 haitangitangi sana juu ya chuma laini cha kung'aa. Biti ya tailizi na kioo ama ina umbo la mkuki mdogo wa kabaidi, ama ni kikombe kilichopakwa chembe za almasi mdomoni.

Ukiifunga biti kwenye taya za drili, usikaze kwa tundu moja la ufunguo ukaridhika. Kaza kwenye matundu yote matatu, ukizunguka. Kisha washa drili hewani uitazame ncha: ikichora duara, biti imekaa upande au imepinda, na tundu lako litakuwa pana kuliko namba iliyoandikwa.

Ile alama ya nyundo kwenye drili ni ya zege, tofali na jiwe. Kwa mbao, chuma, tailizi, kioo na plastiki, irudishe kwenye alama ya biti. Nitalirudia jambo hili kwenye tailizi, maana hapo ndipo watu wanapolia.

Ukuta wa tofali za saruji na zege

Neno fisha tunalolitamka dukani kila siku limetokana na jina la mtu. Mjerumani Artur Fischer ndiye aliyebuni fisha ya plastiki inayotanuka, mwaka 1958. Ubunifu wake unaeleza kwa nini tundu lazima liwe sahihi: skrubu inaitanua fisha, fisha inabana kuta za tundu, na mbano huo ndio unaobeba mzigo. Tundu likizidi kipimo chake kwa milimita 2, hakuna cha kubana.

1. Namba iliyo kwenye fisha ndiyo namba ya biti. Fisha 6 kwa biti 6, fisha 8 kwa biti 8. Skrubu ya fisha 6 iwe ya unene wa milimita 4 hadi 5. Ya fisha 8 iwe ya 4.5 hadi 6.

2. Weka alama ya msalaba kwa penseli. Nukta hupotea mara tu biti inapoigusa, lakini mikono ya msalaba inabaki kukuonyesha kama umehama. Kama matundu ni mawili au zaidi, tumia pimamaji kabla ya kutoboa hata moja.

3. Pima kina. Fisha ya namba 8 huwa na urefu wa milimita 40 hivi, nayo inataka tundu la 55, ili ncha ya skrubu na unga uliobaki vipate pa kwenda. Ya namba 6, yenye milimita 30, inataka 40. Zungushia biti tepu kwenye kipimo hicho. Tepu ikigusa ukuta, umefika.

4. Anza bila nyundo, taratibu, hadi ncha ijichimbie kikalio. Hapo ndipo uwashe nyundo.

5. Simama wima nyuma ya drili, kiwiko kikiwa kwenye mstari mmoja na biti. Sukuma kwa uzito wa kadiri. Kila baada ya sekunde chache vuta biti nje ikiwa bado inazunguka, itoe unga.

6. Safisha tundu. Puliza kwa pampu ya baiskeli au kwa mrija, ukiwa umefumba macho, puliza tena, kisha ingiza na kutoa brashi nyembamba. Hatua hii ndiyo iliyokosekana kwenye ile televisheni.

7. Gonga fisha kwa nyundo ndogo. Iingie kwa kubisha. Ikiingia kwa kidole, tundu ni pana: panda namba moja ya fisha, na ikibidi toboa upya kwa biti yake.

Sasa uusome unga. Mwanzoni utatoka mweupe au wa rangi ya ukuta, nao ni rangi na lipu. Lipu haibebi mzigo. Fisha iliyoishia kwenye lipu itang'oka hata kwa saa ya ukutani, basi hesabu kina chako kuanzia pale unga ulipobadilika ukawa wa kijivu. Unga wa kijivu wenye mchanga ni tofali la saruji. Ukiwa laini kama saruji yenyewe na biti inaenda kwa shida, uko kwenye zege, huenda ni linta au nguzo. Ukitoka mwekundu ni tofali la kuchoma: zima nyundo au ipunguze, kwa kuwa tofali la kuchoma hupasuka kwa ndani bila wewe kuona, ukabaki na tundu pana kama pango. Na biti ikigoma ghafla, mlio ukawa wa kengele na unga ukakatika kabisa, umekutana na nondo. Usishindane nayo. Kwenye boriti na nguzo nondo ndiyo inayoshikilia nyumba. Hama sentimita 3 au 4, toboa kwingine.

Dari na kuta za jipsamu haziitaki fisha hii hata kidogo, kwa kuwa nyuma yake ni hewa. Zina fisha zake zinazofunguka kwa nyuma kama mwavuli. Kwa kitu kizito tafuta mbao iliyo nyuma ya ubao, uifunge skrubu humo.

Nyumba za mawe za pwani

Aliye Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa ana ukuta wa aina nyingine: mawe ya matumbawe yaliyoshikiwa kwa chokaa na udongo. Unga wake hutoka wa rangi ya maziwa, laini, na mara nyingine mwingi mno kwa ghafla. Ukiona hivyo umetoka kwenye jiwe, umeingia kwenye chokaa kati ya mawe. Kwenye chokaa fisha haishiki. Hama ulitafute jiwe.

Ukuta huu usiupige nyundo ya drili. Mtikisiko unalegeza lipu ya chokaa kwa eneo kubwa, na kipande cha ukubwa wa sinia kinaweza kukuangukia. Anza na biti ya milimita 4, kisha 6, kisha 8, mzunguko mtupu. Pale ambapo fisha inacheza, mafundi wa zamani walichonga kigingi cha mti mgumu mkavu, wakakigonga ndani, na skrubu au msumari ukaingia kwenye mti. Njia hiyo bado ni nzuri kuliko saruji, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko chokaa inayoizunguka na huzuia unyevu kutoka. Milango ya kuchonga na boriti za mikoko usizitoboe kwa ajili ya kengele ya umeme wala kebo. Tundu la dakika moja haliwezi kurudishwa.

Tailizi

Hapa nakuomba uwe na subira kuliko mahali pengine pote. Tailizi ina ngozi ngumu kama kioo juu, na mwili chini yake. Ngozi ndiyo inayopasuka, na hupasuka kwa mambo matatu: mtetemo, joto, na kutoboa karibu mno na ukingo. Kaa walau sentimita 2 kutoka kwenye ukingo, na ukiweza zaidi.

Kwanza tambua tailizi ni ya aina gani. Ukiwa na kipande kilichobaki, tazama ubavu wake. Mwili ukiwa mwekundu au mweupe unaokwaruzika kwa msumari, ni kauri ya kawaida ya ukutani, na biti ya mkuki inatosha. Mwili ukiwa mgumu, umeshikana sana na haukwaruziki, hiyo ni poseleni, na biti ya mkuki utaiteketeza bure. Nunua kikombe cha almasi.

Bandika tepu ya karatasi mahali pa tundu, chora msalaba juu yake. Tepu inaizuia ncha isiteleze. Zima nyundo, hakikisha kwa jicho kwamba umezima. Weka mwendo wa chini kabisa ambao drili yako inaweza.

Kikombe cha almasi hakina ncha ya katikati, kwa hiyo ukikiweka bapa kitacheza dansi juu ya tailizi na kuichora. Kilaze kwa nusu ya pembe mraba, digrii 45 hivi, kikate ukingo mmoja kwanza. Utaona mwezi mwandamo mdogo unajichora kwenye tepu. Mwezi huo ukishakuwa mfereji, inua drili polepole huku inazunguka mpaka ikae wima, na duara litakamilika lenyewe.

Maji yasikatike. Kijana mmoja ashike sponji iliyolowa juu kidogo ya tundu, maji yatiririke taratibu kupita kwenye kikombe, na drili iwe ya betri ili maji na umeme wa ukutani visikutane. Unga wa hapa haupaswi kuwa unga. Unatakiwa utoke kama uji mwembamba, mweupe. Uji ukikauka ukawa unga, au ukinusa harufu ya jiwe lililochomwa, ondoa kikombe ukipoze. Chembe za almasi zimegandishwa tu mdomoni, na zikipata moto hudondoka; kikombe cha kutoboa matundu mengi kinaishia kwenye mawili.

Mkono usisukume. Poseleni ngumu inaweza kula dakika tatu nzima kwa tundu moja la milimita 8. Nimewaona watu wakiongeza nguvu dakika ya pili, tailizi ikatoa mlio mdogo, tak, na ufa ukakimbia hadi kona.

Ukishapita tailizi, badilisha biti. Ingiza biti ya ukuta yenye namba ya fisha, tena kwa mzunguko mtupu kwanza. Tundu la tailizi lenyewe liwe pana kuliko la ukutani kwa milimita 1, na fisha uigonge mpaka mdomo wake upite tailizi na kuzama kwenye tofali. Fisha iliyobaki ndani ya tailizi itatanuka humo utakapokaza skrubu, nayo itaipasua wiki moja baada ya wewe kulipwa.

Mbao

Mbao ni rafiki, lakini mninga na mvule si msonobari. Skrubu ya milimita 4 kwenye msonobari inataka tundu la kutangulia la milimita 2 hadi 2.5, kwenye mninga liwe 3. Ukiruka hatua hiyo, msonobari utapasuka karibu na ncha ya mbao, na mninga utaikata skrubu shingo. Skrubu za shaba ni laini: kwanza pitisha skrubu ya chuma ya saizi ileile, itoe, ndipo uingize ya shaba uliyoisugua kwenye sabuni ya mche.

Tundu linalotokea upande wa pili huchana nyuzi. Funga kipande cha mbao chakavu nyuma kwa klampu, utoboe vyote viwili pamoja, upande wa pili utatoka msafi. Au ukiona mwiba tu umechungulia upande wa pili, simama, geuza mbao, umalizie kutoka huko.

Unga wa mbao unaofaa ni vinyweleo na vikunjo vidogo. Ukitoka mweusi wenye moshi, ama biti ni butu, ama ni ya chuma, ama umeiacha izunguke mahali pamoja bila kuitoa kumwaga chembe. Biti iliyoziba huchoma.

Chuma

Bila senta panchi, kile chuma chenye ncha kali cha kugongea alama, usianze. Piga alama moja kwa nyundo, ncha ipate kikalio. Kifunge chuma kwenye jiriwa au kwa klampu mbili. Kipande cha bati kilichoshikwa kwa mkono hushikwa na biti pale inapotokea upande wa pili, kikazunguka kama feni, na kimewakata watu vidole.

Mwendo hutegemea unene wa biti, na hapa wengi hufanya kinyume: biti kubwa inataka mwendo mdogo. Kwa chuma cha kawaida cha magrili, biti ya milimita 3 iende mizunguko 2,500 hadi 2,800 kwa dakika, ya 6 iende kama 1,400, ya 10 isizidi 850 au 900. Drili ya mkono haina geji, kwa hiyo tumia sikio na unga. Vikunjo virefu vya fedha vinavyojisokota kama nywele, mkono ukiwa na uzito wa kutosha, ndiyo kazi. Vikigeuka rangi ya kahawia iliyofifia, tia mafuta. Vikiwa vya bluu, umepitiliza na biti yako iko hatarini kulainika. Ukiona unga mwembamba badala ya vikunjo, biti inasugua haikati: inoe au ongeza mkandamizo.

Chuma kisichoshika kutu kina tabia ya kuwa kigumu zaidi kikisuguliwa. Hicho usikibembeleze. Mwendo wa chini, mkandamizo mzito usiokatika, mafuta, na biti ya kobalti. Ukisitasita mara moja, ngozi yake inakuwa ngumu kuishinda biti.

Tundu la zaidi ya milimita 6, anza na biti ya 3. Na unapohisi biti inakaribia kutokea, legeza mkono.

Tangi la maji na plastiki nyingine

Wengi huharibu tangi kwa kuamini kwamba bomba la nusu inchi linapita kwenye tundu la nusu inchi. Nusu inchi ni jina. Uzi wa nje wa tanki koneta (kile kiungo kinachofunga bomba kwenye tangi) ya nusu inchi una karibu milimita 21, wa robo tatu karibu 26.5, wa inchi moja kama 33. Tundu liwe 22, 27 au 28, na 34. Ipime koneta yako kwanza, maana za plastiki hutofautiana kidogo.

Tumia msumeno wa kikombe wenye biti katikati, mwendo wa chini. Chagua mahali bapa, mbali na mbavu za tangi na mbali na kona ya chini, raba ya koneta ilale vizuri. Plastiki haitoi unga bali nyuzi. Nyuzi zikiyeyuka na kugandia kwenye meno, mwendo ni mkubwa. Kiduara kilichokatika kitoe, usikiache kidondoke ndani ya tangi; kitasafiri hadi kwenye koki. Ukingo ukwangue kwa kisu hadi uwe laini pande zote mbili, na raba kaza kwa mkono, kisha nusu mzunguko kwa spana.

Plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ile ya akriliki, hupasuka biti inapotokea. Weka mbao nyuma yake na usisukume mwishoni.

Kuhusu kioo nitasema machache. Kioo cha kawaida hutobolewa kama poseleni: almasi, maji, mwendo mdogo, nusu kutoka upande huu na nusu kutoka ule. Kioo kilichoimarishwa kwa moto, kama cha milango ya bafu na meza nyingi, hakitobolewi kabisa. Kitapasuka vipande elfu mbele yako. Hutobolewa kiwandani kabla ya kuimarishwa.

Tufe la bolingi

Mwanzoni niliona hili ni kazi ya wageni, mpaka mteja mmoja wa Nairobi anayecheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe ili kuangusha pini, aliponiletea tufe lake kwenye mfuko, akisema tundu la gumba linambana. Niliposhika lile tufe niliiona nazi iliyofuliwa: macho matatu, moja likiwa peke yake. Kwenye nazi jicho moja ni laini, na anayetafuta maji hulitafuta hilo. Kwenye tufe, yale mawili yaliyokaribiana ni ya kidole cha kati na cha pete, na lililojitenga ni la gumba.

Tufe la kanuni halizidi pauni 16, yaani kilo 7.26 hivi, na upana wake ni karibu sentimita 21.6. Zamani yalikuwa ya mti mgumu, kisha ya raba. Ya leo yana ganda la poliesta, yurethani au rezini, na ndani mna kiini kizito ambacho mara nyingi hakina umbo la duara. Matundu yakihamishwa kidogo kuhusiana na kiini hicho, tufe linajikunja tofauti kwenye njia. Kwa hiyo tufe jipya lisilo na matundu halitobolewi kwa drili ya mkono. Linawekwa kwenye kishikio cha mviringo chini ya mashine ya kutoboa iliyosimama, linapangwa kwa vipimo, na kila tundu lina pembe yake. Kanuni za chama cha bolingi cha Marekani zilifuta tundu la kusawazisha uzito tangu Agosti 2020. Tundu la kushikia lisiloingizwa kidole haliruhusiwi.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kupima na kurekebisha. Pima hivi: ingiza gumba lote, laza vidole viwili juu ya matundu yake bila kuviingiza. Kwa mshiko wa kawaida, mkunjo wa kiungo cha pili uvuke ukingo wa karibu wa tundu kwa kama milimita 6. Ukivuka zaidi, nafasi kati ya tundu la gumba na ya vidole ni fupi kwa mkono wako. Usipoufikia, utalibana kwa ncha za vidole na kifundo kitauma. Kasoro hiyo haiponi kwa msasa. Hutobolewa upya baada ya kuziba, na hiyo ni kazi ya mwenye mashine.

Gumba likibana tu, viringisha msasa wa namba 120 kwenye kijiti cha mbao chembamba kuliko tundu. Sugua ukizunguka kote sawa, mara kumi, kisha futa na ujaribu. Fanya hivyo mkono ukiwa umeshacheza kidogo, kwa sababu gumba huvimba likipata joto, na tundu lililolegezwa asubuhi na mkono wa baridi litakubana jioni. Unga wake ni mwembamba sana na una harufu kali, barakoa usivue. Malizia kwa namba 220, na ukingo wa mdomo uuvunje ukali wake mpaka usikwaruze ngozi. Mteja wangu alijaribu mara tano. Mara ya nne gumba lilitoka na sauti ya kizibo. Mara ya tano lilitoka kimya, likigusa kuta pande zote bila kuvuta ngozi, na hapo nikaweka msasa chini.